Kuzeeka kwa Ovari na Ubongo wa Mwanamke

Katika kila mji na kila kijiji cha nchi hizi za Maziwa Makuu wako akina mama wenye umri wa kati ya miaka 45 na 55 ambao, bila kuugua homa wala kupatwa na ajali yoyote, huanza kuona mabadiliko katika fikra zao. Mwalimu aliyezoea kuyataja majina ya wanafunzi wake wote husimama mbele ya mtoto na jina lisimjie. Mwuzaji wa sokoni ambaye hakuwa na haja ya daftari hujikuta akizihesabu fedha mara mbili. Mkulima huamka usiku wa manane akitokwa na jasho, na kulipopambazuka hushika jembe akiwa amechoka kana kwamba hakupata usingizi kabisa.

Watu wa karibu yake huwa na majibu matatu tayari. Wa kwanza husema kwamba amerogwa. Wa pili husema kwamba ameanza wazimu. Wa tatu, ambaye hujiona kuwa ndiye mwenye busara, husema kwamba huo ni uzee, na uzee hauna dawa. Majibu yote matatu yana kasoro, na kasoro hizo zina gharama. Zipo ndoa zilizovunjika kwa ajili yake, ipo kazi iliyopotea, na wako wazee waliopoteza hata maisha yao. Kwa hiyo ni jambo la manufaa kueleza yale ambayo elimu ya utabibu imekwisha kuyathibitisha juu ya uhusiano uliopo kati ya ovari za mwanamke na ubongo wake.

Ovari ni vifuko viwili vidogo vilivyo ndani ya tumbo la chini la mwanamke, kimoja kila upande wa mji wa mimba. Humo ndimo yanamohifadhiwa mayai ya uzazi. Tofauti na mwanamume, ambaye mwili wake hutengeneza mbegu mpya kwa sehemu kubwa ya maisha yake, mwanamke huzaliwa na akiba yake yote. Mtoto wa kike angali tumboni mwa mama yake, katika mwezi wa tano wa mimba, huwa na mayai yapatayo milioni 6 au 7. Siku ya kuzaliwa kwake hubaki milioni 1 au 2. Anapovunja ungo hubaki kama 300,000 au 400,000. Katika maisha yake yote ya uzazi ni mayai 400 hivi tu yatakayopevuka na kutoka. Mengine yote hufa kimya kimya, mwezi kwa mwezi, awe amezaa au hajazaa. Akiba inapokaribia kwisha, hedhi huanza kuja bila mpango, kisha hukoma. Madaktari huhesabu kwamba hedhi imekoma pale inapopita miezi 12 mfululizo bila ya kuonekana, na kwa wanawake walio wengi duniani jambo hilo hutokea kati ya miaka 45 na 55.

Basi ovari huzeeka mapema kuliko viungo vingine. Moyo, figo na mapafu ya mwanamke mwenye miaka 50 bado vina kazi ya miaka mingi mbele yao, lakini ovari zake zimekwisha kumaliza zamu. Kama kazi yake ingekuwa ni kutoa mayai peke yake, habari ingeishia hapo, na ubongo usingehusika. Lakini ovari zina kazi ya pili, ambayo ni kutengeneza homoni. Homoni ni kemikali zinazotolewa na kiungo kimoja na kusafiri katika damu kupeleka maagizo kwa viungo vingine. Iliyo kubwa miongoni mwa homoni za ovari ni estrojeni.

Habari za estrojeni zilianza kufahamika vizuri mwaka 1923, wakati Edgar Allen na Edward Doisy, wataalamu wawili waliokuwa wakifanya kazi katika mji wa St. Louis nchini Marekani, walipoonyesha kwamba maji yaliyomo katika vijifuko vya mayai yana kitu chenye nguvu ya kuamsha viungo vya uzazi. Mwaka 1929 Doisy huko Marekani, na Adolf Butenandt huko Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walifaulu kuitenga homoni mojawapo ya jamii hiyo ikiwa safi. Kwa miaka mingi baada ya hapo iliaminika kwamba estrojeni ni jambo la mji wa mimba na maziwa tu. Ubongo haukufikiriwa.

Fikra hiyo ilibadilika pale wataalamu walipogundua kwamba ubongo nao una vipokezi vya estrojeni. Kipokezi ni mfano wa kitasa, na homoni ni mfano wa ufunguo wake. Mahali palipo na kitasa ndipo ufunguo unapoweza kufungua. Vitasa hivyo vimeonekana katika sehemu ya ubongo inayotawala joto la mwili, usingizi na njaa, iitwayo haipothalamasi. Vimeonekana pia katika hipokampasi, ambayo ndiyo ghala ya kuhifadhia kumbukumbu mpya, na katika sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupanga mambo na kutuliza mawazo. Mwaka 1990 Catherine Woolley na Bruce McEwen, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York, walitoa matokeo yaliyowashangaza wengi. Katika hipokampasi za panya wa kike waliokomaa, idadi ya vichipukizi vidogo ambavyo kwavyo chembe hai za ubongo hupeana habari ilikuwa ikipanda na kushuka kufuatana na homoni za uzazi, katika muda wa siku chache tu. Mpaka wakati huo wengi walidhani ubongo wa mnyama mzima haubadiliki upesi namna hiyo.

Kazi ya estrojeni katika ubongo haiishii hapo. Husaidia chembe hai za ubongo kutumia glukosi, yaani sukari ambayo ndiyo chakula chao kikuu. Husaidia mishipa ya damu kutanuka vizuri ili damu ifike mahali inapohitajiwa. Huungana na kemikali nyingine zinazohusika na kumbukumbu na furaha. Kwa hiyo siku ovari zinapoanza kuchoka, ubongo hupata upungufu wa msaidizi wake wa miaka mingi, na hulazimika kujifunza kufanya kazi bila yeye.

Kipindi cha kujifunza huko ndicho chenye matatizo mengi. Homoni haishuki kwa mteremko mmoja. Leo hupanda, kesho hushuka, kesho kutwa hupanda tena, na hali hiyo huweza kudumu miaka kadhaa kabla hedhi haijakoma kabisa. Joto la ghafla linalopanda kutoka kifuani hadi usoni, ambalo wengi hudhani ni la ngozi, asili yake ni ubongoni. Mapema katika miaka ya 1990 Naomi Rance, mtaalamu wa Marekani, alieleza kwamba katika haipothalamasi za wanawake waliokwisha kukoma hedhi kuna kundi la chembe hai za neva zilizovimba kwa kukosa breki ya estrojeni. Chembe hizo hukaa jirani na zile zinazopima joto la mwili, na zinapopiga kelele, mwili hudhani umepata joto kali na kuanza kujipoza kwa jasho. Ugunduzi huo ulizaa matunda: mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa mpya iitwayo fezolinetant, ambayo si homoni, na ambayo kazi yake ni kuzituliza chembe hizo hizo.

Uchunguzi mkubwa wa kipindi hiki umekuwa ukifanyika Marekani tangu mwaka 1996, ambapo wanawake zaidi ya 3,000 wa asili mbalimbali wamefuatiliwa mwaka hata mwaka. Mwaka 2009 wachunguzi hao walitoa taarifa kwamba uwezo wa kujifunza mambo mapya kwa haraka ulipungua kidogo wakati wanawake walipokuwa katika miaka ya mpito, lakini baada ya hedhi kukoma uwezo huo ulirudi. Taarifa yao ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba joto la ghafla lilidumu kwa miaka zaidi ya 7 kwa nusu ya wanawake waliosumbuliwa nalo mara kwa mara, na kwamba Wamarekani wenye asili ya Afrika ndio waliolivumilia kwa muda mrefu zaidi, karibu miaka 10. Na mwaka 2021 Lisa Mosconi na wenzake wa New York, kwa kutumia mitambo ya kupiga picha za ubongo, walionyesha kwamba matumizi ya glukosi katika ubongo yalikuwa pungufu kwa wanawake waliokuwa katika mpito na waliokwisha kukoma hedhi, lakini pia kwamba baadhi ya sehemu za ubongo zilionyesha dalili za kutengemaa baadaye.

Matokeo hayo yafaa yasikike mpaka vijijini. Mwanamke anayesahau majina akiwa na miaka 49 hajaanza wazimu. Ubongo wake umo katika matengenezo, mfano wa nyumba inayoezuliwa bati kuukuu ili kuezekwa upya. Kwa muda mvua itaingia ndani, lakini hiyo si dalili kwamba nyumba inaanguka. Isitoshe, usahaulifu mwingi wa wakati huo hutokana na kukosa usingizi, na mtu yeyote, mwanamume au mwanamke, anayeamshwa mara nne kila usiku kwa mwaka mzima atasahau majina.

Hata hivyo haifai kusema kwamba kuchoka kwa ovari ni jambo dogo kwa kila mwanamke. Umri ndio unaoleta tofauti. Baadhi ya wanawake ovari zao hushindwa kazi kabla ya miaka 40, ama kwa maumbile, ama kwa maradhi, ama kwa dawa kali za saratani. Wengine huondolewa ovari zote mbili kwa upasuaji, na kwao homoni haishuki kwa miaka. Hushuka kwa siku moja. Mwaka 1988 Barbara Sherwin wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada alionyesha kwamba wanawake waliofanyiwa upasuaji wa namna hiyo kisha wasipewe homoni walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya kumbukumbu kuliko wale waliopewa.

Mwaka 2007 ulitokea ushahidi mzito zaidi. Walter Rocca na wenzake wa hospitali ya Mayo katika jimbo la Minnesota walipitia majalada ya wanawake walioondolewa ovari moja au mbili kati ya miaka ya 1950 na 1987, kabla hedhi zao hazijakoma, wakawalinganisha na wanawake wa umri ule ule wa eneo hilo hilo. Hatari ya kupatwa na upungufu wa akili uzeeni ilikuwa karibu mara moja na nusu ya ile ya wenzao. Tena, kadiri mwanamke alivyokuwa kijana siku ya upasuaji, ndivyo hatari ilivyozidi. Lakini wale walioondolewa ovari zote mbili wakapewa estrojeni mpaka walipofikia walau umri wa miaka 50 hawakuonekana kuwa na hatari hiyo ya ziada. Ni kweli kwamba uchunguzi wa majalada peke yake hauwezi kuthibitisha kila kitu, maana wanaofanyiwa upasuaji huenda wana sababu nyingine za ugonjwa. Lakini mambo haya matatu yakiwekwa pamoja, yaani ongezeko la hatari, umri wa upasuaji na faida ya homoni, yanaelekea upande mmoja.

Ushahidi huo una maana kubwa kwa hospitali za Afrika ya Mashariki na ya Kati, ambako mama mwenye uvimbe katika mji wa mimba au maumivu ya muda mrefu hufika akiwa amechelewa na akiwa na hofu. Wakati wa kumwondoa mji wa mimba ni rahisi kuziondoa ovari nazo, kwa hoja kwamba amekwisha kuzaa na hana haja nazo. Hoja hiyo haitoshi tena. Mwenye saratani ya ovari, au mwenye ukoo unaojulikana kurithishana saratani hiyo, huenda upasuaji ndio utakaomwokoa, na hapo daktari hana budi kuufanya. Lakini mwanamke wa miaka 38 mwenye ovari nzima anastahili kuelezwa kwa lugha anayoifahamu ni kitu gani kitakachoondolewa, kwa sababu gani, na ni nini kitakachofuata. Anastahili kuuliza kama ovari zaweza kubakizwa. Na kama hazina budi kuondolewa, anastahili kuuliza habari za kurudishiwa homoni. Maswali hayo si utovu wa adabu kwa daktari. Ni haki ya mwenye mwili.

Hapa ndipo linapozuka swali linaloulizwa na wengi. Ikiwa tatizo ni kupungua kwa homoni, kwa nini kila mwanamke wa miaka 60 asipewe vidonge vya homoni ili ubongo wake ukae salama? Katika miaka ya 1990 madaktari wengi wa nchi za Magharibi walifikiri hivyo hivyo, na mamilioni ya wanawake walimezeshwa vidonge. Kisha ulifanyika uchunguzi wa haki, ambamo baadhi ya wanawake walipewa dawa na wengine vidonge visivyo na dawa, bila yeyote kati yao kujua amepewa kipi. Sehemu moja ya uchunguzi huo, iliyokuwa na wanawake zaidi ya 16,000, ilisimamishwa mwaka 2002 kabla ya wakati wake, kwa sababu madhara ya mchanganyiko wa homoni uliotumika yalionekana kuzidi faida zake. Mwaka uliofuata zilitangazwa habari za ubongo. Kati ya wanawake 4,532 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, 61 walipatwa na upungufu wa akili. 40 kati yao walikuwa wale waliokuwa wakimeza homoni, na 21 ni wale waliokuwa wakimeza vidonge visivyo na dawa. Dawa iliyotarajiwa kuwa ngao ilikuwa imeongeza hatari maradufu.

Je, wale wanaoanza mapema? Uchunguzi mwingine wa Marekani, uliotangazwa mwaka 2015, uliwapa homoni wanawake waliokuwa wamekoma hedhi karibuni, kwa muda wa miaka 4. Haukuona madhara kwa fikra zao, wala haukuona faida. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 wa Victor Henderson na wenzake wa California kwa wanawake wa makundi mawili, walioanza mapema na waliochelewa, uliishia na jibu hilo hilo. 

Ukitazama kijuujuu, utasema mambo haya yanapingana. Kwa kweli hayapingani. Mwanamke aliyepokonywa homoni akiwa na miaka 35 amepungukiwa na kitu ambacho mwili wake ulikitazamia kwa miaka 15 zaidi. Kumrudishia ni kumlipa deni. Mwanamke wa miaka 65 hadaiwi deni hilo. Ubongo wake umekwisha kuzoea hali mpya, na mishipa yake ya damu imekwisha kuzeeka. Kumletea homoni wakati huo ni sawa na kumwagilia maji shamba lililokwisha kuvunwa. Kwa hiyo homoni ni dawa nzuri kwa joto kali na jasho linalomnyima mama usingizi, akiianza karibu na wakati wa kukoma hedhi na kwa ushauri wa daktari aliyempima. Si dawa ya kuzuia usahaulifu wa uzeeni. Wale wanaouza vidonge, mizizi na mafuta sokoni au kwa njia ya simu, wakidai kwamba vitamrudishia mwanamke ujana na akili, wanauza maneno.

Jambo jingine linalopasa kutenganishwa ni usahaulifu wa miaka ya mpito na ugonjwa wenyewe wa upungufu wa akili, ambao aina yake iliyo kubwa ni ugonjwa wa Alzheimer. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na upungufu wa akili, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Si maradhi ya Wazungu peke yao. Katika nchi jirani ya Tanzania, uchunguzi uliofanywa nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kutangazwa mwaka 2013, ulikadiria kwamba kati ya kila wazee 100 wenye miaka 70 na zaidi, 6 hivi walikuwa nao. Wanawake hupatwa kwa wingi kuliko wanaume. Sababu moja ni kwamba wanaishi miaka mingi zaidi. Nyingine ni kwamba wengi wa kizazi hicho hawakupelekwa shule, na kukosa elimu utotoni kunahesabiwa kuwa miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari. Kuzeeka kwa ovari, hasa kunakotokea mapema, kunafikiriwa kuwa sehemu tu ya sababu hizo.

Tofauti yaweza kuonekana hata na mtu asiye daktari. Mama wa miaka 50 asahauye mahali alipoweka funguo, kisha akakumbuka alipoketi, hana cha kuogopa. Lakini mama asahauye kazi ya funguo, anayepotea njia ya nyumbani kwake mwenyewe, anayeuliza swali lile lile mara tano kwa saa moja, au asiyeweza tena kupika chakula alichokipika miaka 30, huyo apelekwe hospitali. Na asipelekwe kwa kukata tamaa, maana upungufu wa damu, maradhi ya tezi ya shingo, ugonjwa wa sukari na huzuni ya muda mrefu huweza kumsahaulisha mtu, na yote hayo yana matibabu.

Msisitizo juu ya hospitali una sababu. Mwezi wa Oktoba 2021, katika eneo la Marani huko Kisii nchini Kenya, wanawake wazee wanne waliuawa na umati wa watu kwa tuhuma za uchawi. Katika sehemu za kaskazini-magharibi ya Tanzania akina bibi wamewahi kuuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu huo ulitokana na moshi wa kuni walizopikia watoto na wajukuu. Bibi anayetangatanga usiku kwa kuwa ubongo wake umechoka, anayezungumza peke yake, asiyeweza kueleza ametoka wapi, ndiye mtu aliye rahisi kuliko wote kutuhumiwa. Hawezi kujitetea. Jamii inayompiga mawe mgonjwa kwa sababu ya ugonjwa wake haijajilinda na uchawi wowote. Imetenda jinai, na wanaochochea jinai hiyo wanastahili mkono wa sheria.

Wako pia wasioua lakini wenye dharau. Hao husema kwamba mwanamke aliyekoma hedhi amekwisha kazi yake duniani. Mambo yaliyochunguzwa katika eneo hili hili la Afrika yanawapinga. Karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao wameendelea kuishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Tangu miaka ya 1980 Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walipima kazi zao. Waliona kwamba akina bibi waliokwisha kupita umri wa kuzaa walichimba mizizi kwa bidii isiyopungua ile ya mabinti zao, na kwamba mama alipokuwa na mtoto mchanga, unene wa wale watoto wake waliokwisha kuachishwa ziwa ulifuata kazi ya bibi yao. Toka hapo ikazaliwa hoja kwamba maisha marefu ya mwanamke baada ya kukoma hedhi hayakutokea kwa bahati mbaya. Ukoo wenye bibi ulilisha watoto wengi zaidi.

Na katika nchi jirani ya Uganda, ndani ya Msitu wa Kibale, uchunguzi wa sokwe wa Ngogo uliotangazwa mwaka 2023 ulitokana na kumbukumbu za sokwe wa kike 185 zilizowekwa kwa miaka zaidi ya 20. Ulionyesha kwamba sokwe hao nao hufikia ukomo wa uzazi wanapokaribia miaka 50, homoni zao zikibadilika kama zinavyobadilika za wanadamu, na kwamba baadhi yao huendelea kuishi miaka kadhaa baada ya hapo. Sokwe bibi hawalei wajukuu kama Wahadzabe, kwa hiyo wataalamu wangali na kazi ya kueleza chanzo chake. Ila jambo moja limekuwa wazi, nalo ni kwamba kukoma kwa hedhi si laana iliyomshukia mwanamke wa leo. Ni jambo la maumbile, la kale sana.

Basi nini kifanyike? Kwanza, mishipa ya damu itunzwe, kwa maana estrojeni inapopungua, shinikizo la damu na mafuta mabaya katika damu huelekea kupanda, na mshipa unaoumia moyoni ndio unaoumia ubongoni. Mama aliyefikia miaka 45 apimwe shinikizo la damu na sukari kila anapokwenda zahanati, hata kama amekwenda kumpeleka mjukuu. Mwaka 2024 jopo la mabingwa walioandika katika jarida la tiba la Lancet walikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya upungufu wote wa akili duniani yaweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kuyashughulikia mambo 14. Miongoni mwake ni elimu ya utotoni, shinikizo la damu, sukari, tumbaku, ulevi, uziwi usiotibiwa, upofu usiotibiwa, hewa chafu na upweke. Mengi ya hayo hayahitaji mitambo ya mamilioni. Jiko lisilotoa moshi, miwani, na binti aliyebakizwa shuleni ni kinga ya ubongo wa miaka 40 ijayo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pili, waume na watoto wakubwa wafahamishwe. Mume anayejua kwamba jasho la usiku lina chanzo chake ubongoni hatamshutumu mkewe kwamba amebadilika tabia. Mkuu wa shule au wa ofisi anayejua kwamba kipindi hiki hupita hatamwondoa mfanyakazi mwenye ujuzi wa miaka 25 kwa sababu ya miaka michache ya uchovu. Na wauguzi wa zahanati, ambao wamefundishwa vizuri kumhudumia mama mjamzito, wafundishwe pia kumpokea mama aliyemaliza uzazi, maana kwa mwanamke wa siku hizi miaka inayobaki baada ya hedhi kukoma yaweza kufikia 30.

Imesemwa tangu kale kwamba penye wazee haliharibiki neno, na wengi wa wazee hao ni wanawake. Ovari zao zimekwisha kumaliza zamu yake, na hilo halina budi kuwa. Ubongo wao bado una kazi, na nchi inayoutunza inatunza akiba yake yenyewe.